Pini ya Kumi na Tatu

Kitabu chetu cha historia kilikuwa na wafalme thelathini na wanne.
Niliwahesabu, na kila malkia nikamchora masharubu
kwa penseli ya seremala niliyoachiwa na babu.
Mabaharia, maaskofu, jenerali mmoja juu ya farasi
asiye na mguu wa nyuma, kwa kuwa ukurasa ulichanika.
Hao, kilisema kitabu, ndio walioigeuza dunia.
Sisi tulikuwa na njaa, na dunia
ilikaa palepale dirishani na mvua yake,
chini ya milima ya Estrela,
na dohani ya kiwanda cha sufu isiyotoa moshi tena.

Ndipo Jumanne moja mwalimu Deolinda akaja na mshumaa.
Akachomeka pini ubavuni mwake, akawasha,
asiseme neno.
Amândio akapiga miayo hadi taya likalia.
Nta ikalegea, ikatoa jasho,
pini ikainama kama mtu anayetafuta kiatu gizani,
ikadondoka kwenye sahani ya bati:
ti.
"Hiyo ni saa nzima," akasema.
"Sasa nipeni dakika zilizobaki."

Quitéria, mwosha sufu. Mikono imebabuka kwa magadi.
Jina lake mwenyewe hakuweza kuliandika.
Kiwandani palikuwa na saa moja tu,
juu ya mlango wa bwana Teles,
imetiwa kufuli kama sanduku la sadaka.
Saa ile ilikuwa na tabia: wakati wa mlo ilikimbia,
alasiri ikachechemea.
Mkataba ulisema alfajiri hadi jioni, saa kumi na mbili,
lakini wanawake walitoka nyota zimeshajaa,
wakijilaumu: labda ni sisi tuliochoka.
Uchovu nao ni shahidi,
ila nani atamwapisha?

Mshumaa ulikuwa mnene, wa kanisani.
Wapo wasemao aliununua. Wapo wasemao vingine.
Kengele ilipolia aliuwasha ndani ya ndoo,
pini kumi na nne zimepangwa kama vifungo vya kanzu ya padri,
akaosha kutwa nzima kwa sikio moja.
Hesabu ikapita chini ya kelele za mitambo,
kidole kwa kidole, beseni kwa beseni.
Pini ya kumi na mbili ilipoanguka,
saa ya bwana ilisema kumi na moja kasoro robo.
Wakaendelea kuosha.
Ya kumi na tatu ilipoanguka
Quitéria hakuhutubia mtu.
Alikunjua mikono ya gauni, akafunga vifungo vyake.
Basi.
Wanawake sitini wakafunga vyao.

Alifukuzwa, naam. Hadithi haikuishia kwenye shangwe.
Ikapita miaka sita ndipo saa ikahamishiwa nje,
ukutani, uso wake kwa watu,
na yeye alikuwa ameshakwenda kufua mashuka ya hoteli mji mwingine.
Alizikwa wapi? Mwalimu hakujua,
na hakutubunia.

Mtihani ulipokuja: *Taja watu watatu walioibadilisha jamii.*
Niliandika mfalme, nikaandika baharia,
nikaandika Quitéria, mwosha sufu.
Msahihishaji wa Lisbon alichora mkasi mwekundu juu ya jina lake
na pembeni: *Ni nani huyu?*
Karatasi hiyo ninayo. Bado nadhani
lilikuwa swali zuri kuliko lake la kwanza.

Leo napakia viatu vya watu nisiowajua
katika ghala lisilozima taa.
Mlangoni kuna kijimashine: unakigusa kwa kadi,
kinakuambia umechelewa.
Jana kilinikata dakika nane. Juzi sita.
Nikasimama, na katika kelele zote zile za mikanda na magurudumu
nikasikia kitu kidogo kikigusa bati.
Foleni ikanung'unika. Zulmira akanisukuma begani:
"Vipi, umelala?"
Nikamwambia: "Wewe ulifika saa ngapi?
Hebu hesabu nami."
Akanitazama. Kisha akatoa kalamu,
akaanza kuandika kiganjani.