Jumanne na Ijumaa

Kwanza ni pua.
Nikiwa ndani ya tramu, nywele bado mbichi chini ya kofia ya sufu,
chafya ya kwanza hunijia ikibisha hodi,
ya pili haibishi, huingia.
Tukifika kituo cha nne nimehesabu kumi na moja
na mwanafunzi aliyekaa kando yangu amehama kiti.

Kisha macho. Kisha mkunjo wa kiwiko,
vipele vidogo vidogo kama mtama uliomwagika,
na kuwasha kusikosikia dawa wala dua.
Usiku napumua kwa mdomo
kama yule samaki wa Krismasi tunayemfuga bafuni siku tatu
kabla ya kisu.

Daktari Pelczar, kijana, mikono baridi,
akaandika: *mzio*, na alama ya kuuliza.
"Acha kuogelea."
"Na magoti yangu?"
Akayatazama magoti. Akakata alichoandika.

Miaka thelathini na miwili nilisimama
kwenye mitambo ya kufuma, hapa hapa Łódź,
vumbi la pamba likinishukia mabegani,
nikakohoa mpaka kiwanda kikafungwa.
Leo si vumbi, ni maji.
Kifua hiki hakikosi cha kulalamikia.
Tuliambiwa maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge;
hatukuambiwa yatakushikilia siku ngapi
baada ya kuvaa.

Aliyenifumbua ni Bogumiła,
anayepima maji ya bwawa kwa vijichupa vyake.
"Unasikia harufu hiyo?"
"Klorini," nikasema. "Mmezidisha."
Akacheka mpaka vijichupa vikagongana.
"Klorini yenye njaa hainuki hivi.
Hii imekwisha kula: jasho, mafuta ya nywele,
mikojo ya watoto wa saa tatu,
na ya watu wazima, usinitajishe majina.
Hiyo si harufu ya usafi, Wacława.
Ni ya shibe."

Tangu siku hiyo nafika saa kumi na mbili alfajiri,
maji yakiwa bado hayajafungua kinywa.
Naoga kwanza, kwa sabuni, dakika tatu nzima,
nikiwakazia macho wanaopita bombani kama paka.
Mafuta ya mgando puani. Miwani inayoniachia
miduara ya bundi hadi adhuhuri. Kibanio cha pua,
cha waridi, rangi nyingine hawakuwa nayo.
Nikitoka najisugua upya,
nasuuza pua kwa maji ya chumvi,
kichwa nimekiinamisha juu ya sinki
kama anayesikiliza ugomvi wa ukutani.

Vipele vimenywea. Chafya ni tatu, siku mbaya nne.
Macho ndiyo yamegoma.
Macho ni mekundu vilevile.

Otylia wa ghorofa ya pili hunikuta ngazini
na mfuko wangu unaodondosha maji.
"Bado unamlilia Zenon?"
"Ni klorini."
Hutikisa kichwa. Jioni huniletea
supu ya bitiruti, sufuria nzima,
nami huipokea, maana supu haina kosa.

Na kweli ilikuwa klorini,
Jumanne zote, Ijumaa zote.
Mazishini sikulia. Sikulia nilipogawa viatu vyake.
Ila Jumatano moja ya Novemba,
bwawa limefungwa kwa matengenezo wiki nzima,
nikatia mkono katika mfuko wa koti lake
nikakuta tiketi ya tramu, haijatobolewa.
Alikuwa na mahali pa kwenda.

Sikufika mlangoni. Nilikaa palepale, ngazi ya tano.

Otylia akapanda na viazi vyake.
Akatazama macho yangu.
Akatazama nywele zangu, kavu.

"Ni klorini," nikasema.

"Najua," akasema,
akaweka viazi chini,
akaketi.