Daftari la Safari ya Karagwe

Mimi ndiye mshika daftari,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa, asema Magafu,
mwanamke hajikopeshi hela ya chama.
Hajui huyu.

Tunakutana saa nne usiku, Kirumba, nyuma ya Mwaloni,
harufu ya dagaa imeshalala kwenye majaketi yetu,
pikipiki saba zimeegemea stendi zake,
injini zinalia tik, tik, zikipoa.
Ukurasa wa kwanza niliandika: KARAGWE.
Chini yake: Kwa nini?
Hakuna aliyejibu. Tukaingia kwenye mafuta.

Lita sita mpaka Biharamulo, anasema Shija.
Saba, anasema Lugembe, ya kwangu mlevi.
Nikaandika sita na nusu, nikakata,
nikaandika saba,
maana porini nako hakuna mjomba.

Daraja au kivuko?
Shija anataka daraja la Busisi, upepo kifuani, hakuna foleni.
Magafu anataka kivuko cha Kamanga:
"Nizime injini, niangalie maji basi.
Miaka tisa nakaa kando ya ziwa hili,
naliona kwenye kioo cha pembeni."
Kura: kivuko nne, daraja tatu.
Shija bado amenuna.

Tyubu mbili. Plagi. Waya wa klachi.
Spana namba kumi na nne, ile ya Doto, airudishe kwanza.
Makoti ya mvua saba
(yapo matano).

Mutalemwa, kwao ndiko huko, ndiye ramani yetu.
Hachori. Anafungua mpira wa kufungia mizigo,
anaudondosha sakafuni, unajikunja unavyotaka.
"Mkishapita Kyaka, inapanda hivi."
Tukainama saba, tochi za simu mkononi,
tukaitazama barabara imelala pale na vumbi lake la unga.
"Asubuhi ukungu unafika wapi?"
"Unafunika ng'ombe. Unaona pembe zinapita peke yake."
Lugembe akausogeza mpira kwa ncha ya kiatu,
kona moja ikawa kali.
"Acha!" akasema Mutalemwa. "Hapo umeshaua watu."
Akainama, akairudisha kona ilipokuwa.

Si kwamba milima hatuijui.
Isamilo tunaipanda na mabegi ya wanafunzi,
Mabatini na ndoo, na godoro, na mlango mzima wa mninga,
Bugando na mgonjwa kabanwa katikati, dada yake nyuma anamshikilia,
anasema polepole kaka, kisha anaona nywele zangu,
polepole dada.
Kila mlima nimeupanda na pumzi ya mtu shingoni.
Pikipiki yangu ina uzito gani ikiwa yangu tu,
hilo sijui, na sikuliandika.

Jumapili alfajiri Lugembe akajaribu.
Akatoka peke yake mpaka Usagara, akageuza,
akarudi kabla chai haijachemka, uso umemshuka.
Nyuma inarukaruka, akasema. Nyepesi mno.
Kwenye mteremko wa Nyegezi aligeuka mara mbili
kuuliza, "Unashukia wapi?"

Tulicheka mpaka mama wa chapati akatoka kuangalia.
Halafu hatukucheka.
Magafu akawa anafuta kiti chake, kiti kisafi,
anafuta tu.

Jana Lugembe amekuja na kiroba.
Ndani yake jiwe, la hapahapa, la nyuma ya nyumba yao,
la kijivu, ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza aliyekunja magoti.
Amelifunga nyuma kwa mpira uleule wa ramani.
Mutalemwa anasema Karagwe hawajatuma mtu kuomba mawe.
Shija anasema lita ziongezwe.
Nimefungua ukurasa mpya, nimepiga mistari:

Waendeshaji, saba.
Abiria, mmoja, jiwe.
Anashukia: itajulikana hukohuko.
Nauli:

hapo kalamu imesimama,
na wote sita wananiangalia mkono.