Faharasa ya Wadai

Nilifika mahakama ya kaunti saa tatu na dakika tano,
theluji ingali imeng'ang'ania soli,
mlinzi akaninyang'anya kijisu cha kumenyea tufaha
nilichokisahau mfukoni tangu Oktoba.
"Rekodi? Teremka. Fuata harufu ya karatasi iliyowahi kulowa."

Chini, karani Delphine Ostrander,
miwani puani, miwani nyingine juu ya nywele,
hakuniuliza mimi ni nani wala nataka za nini.
"Ni mali ya umma," alisema, "kama barabara.
Ila za watoto zimepigwa lakiri, hizo usiombe."
Akaniuliza mwaka.

Sikuwa na mwaka. Nilikuwa na hadithi:
kwamba babu Ladislav alikuwa na ekari themanini za mahindi, na kisima,
kwamba benki ilikuja na gari jeusi,
kwamba mama hataki yasemwe mezani.
"Hadithi haina namba ya jalada. Anza na jina."

Jina! Letu lilivuka bahari na vialama vyake kichwani,
na kila karani akalinyoa apendavyo:
Vondracek, Wondrachek, Wandracek,
na mahali pamoja, kwa uvivu au kwa chuki, Vance.
Delphine akanipa penseli; wino hauingii humo.
"Andika tahajia zote."

Vitabu vya faharasa ni vizito kama ndama mchanga,
huvifungui kabla hujavikumbatia.
Nikapekua wadaiwa, 1946 hadi 1963,
kidole kikishuka:
ng'ombe waliovuka ua, trekta lisilolipiwa,
posa iliyovunjwa siku mbili kabla ya harusi,
na mtu mmoja, Amos Tuttle, aliyeshtakiwa mara kumi na saba.
Nikamwonea wivu. Yeye yumo.
Babu hayumo.

Saa nane Delphine akasogea.
"Umetafuta upande upi?"
"Wadaiwa."
Akavuta kitabu kingine, cha mgongo mwekundu,
akakilaza mbele yangu polepole,
kama daktari anayeinua picha ya mfupa kwenye mwanga.
"Hiki ni cha wadai."

1958. Wandracek, L., mdai.
Dhidi ya Wandracek, Božena.

Dada yake. Yule ambaye kwenye picha ya harusi
mkasi ulimbakisha mkono tu, juu ya bega la babu.

Hapakuwa na benki.
Hapakuwa na gari jeusi.

Nikajaza fomu: namba ya jalada, tarehe, jina la mwombaji, saini.
Senti ishirini na tano kwa ukurasa, muhuri dola tano,
hundi haipokelewi.
Jalada likachukua siku nne kutoka ghala la ng'ambo ya mto,
likaja limefungwa utepe uliokuwa mwekundu zamani.

Kurasa kumi na moja. Tisa, wakili wa babu, kwa taipu.
Ya kumi, Božena, kwa mkono:
*Sina wakili. Nina ndoo mbili na watoto wanne.
Kisima alichimba baba yetu. Taa nilishika mimi.*
Ya kumi na moja, hakimu, mistari mitatu.
Kisima ni cha mdai.

"Nipige muhuri upi?" Delphine akauliza.
"Watu wengi huthibitisha hukumu."
"Ule wa kumi."
Akabana chuma, karatasi ikavimba duara.
"Unajua, muhuri unasema nakala imefanana na asili.
Hausemi asili ilisema kweli."
"Najua," nikasema. Nilikuwa nimejua kwa muda wa siku nne.

Saa kumi na nusu, taa za korido zikizimwa moja moja,
nikauliza: na mtu akitaka kuwapata watoto wa Božena,
wale wanne, au wa kwao?

"Mirathi," akasema, akivaa koti.
"Ghorofa ya pili. Kesho, saa tatu."
Akageuka mlangoni.
"Huenda aliolewa tena. Uje na penseli."