Ncha ya Shuka

Miaka kumi na tisa nilifua mashuka ya wageni
katika hoteli moja ya Voi, watalii wa kuja kuona ndovu.
Najua kitanda kinavyosema uongo.
Shuka jeupe si lazima liwe safi:
jiki huficha mengi, pasi huficha yaliyobaki.
Inua pembe ya godoro, tazama mshono.
Nusa mto upande wa chini.
Ndipo uulize bei.

Nairobi tulifika alfajiri, mimi na mama,
na bahasha ya hospitali: mionzi siku ishirini,
Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne.
Hesabu nilikuwa nimeipiga kwa kalamu nyekundu,
mia saba kwa usiku.
Ikizidi hapo tutakuwa tunalala juu ya mbuzi,
mmoja baada ya mwingine,
hadi zizi liishe.

River Road, kijana nyuma ya wavu wa chuma
hakuinua macho:
"Ya saa au ya kulala?"
Mama akasogea, akaweka mkoba wake mezani.
"Ya kulala," akasema. "Tena sana."
Kijana akaona haya, akapunguza hamsini.
Lakini ukuta ulikuwa mwembamba,
na upande wa pili saa ya mtu
ilikuwa bado inahesabiwa.

Ngara, ghorofa ya nne, ngazi tupu.
Niliinua pembe ya godoro.
Walikuwa wamejipanga mshononi kama mbegu za ufuta,
wamenona, hawana haraka.
Nikairudisha pembe taratibu,
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Nyumba ya wageni ya kanisa: mashuka ya kweli.
Nilijua kwa kuyagusa kwamba yalianikwa juani.
Elfu tatu na mia mbili, pamoja na kiamsha kinywa.
Nikauliza bila kiamsha kinywa ni ngapi.
Mhudumu akanihurumia, huruma iliyopigwa pasi.
Nilipogeuka, mama alikuwa amekaa kwenye kochi la mapokezi,
viatu amevivua, amevipakata,
asije akachafua zulia.

Viatu vile.

Alasiri, Nafuna, mfagizi wa wadi,
aliegemea ufagio wake akatupima kwa macho.
"Mnatafuta safi, au mnatafuta hoteli?"
"Safi."
"Basi nendeni Makina, mkaulize kwa Bi Mastura."

Chumba ni hatua nne kwa tano.
Kitanda, ndoo, msumari wa koti.
Taa ipo, swichi yake iko kwa jirani,
ukitaka giza unagonga ukuta.
Bati hupika mchana, na usiku kuna mtu anakohoa
mpaka unajikuta unamhesabia.
Lakini sakafu ya saruji imesuguliwa
kama kisigino cha bi harusi,
na ukutani limetundikwa tabaga, jekundu na zambarau,
halina kazi ila kutazamwa.
Mia sita. Maji ya moto ndoo moja, alfajiri.

Niliinua pembe ya godoro.
Bi Mastura alisimama mlangoni, mikono kiunoni.
"Inua na ile nyingine," akasema.
Nikainua.
Mshono ulikuwa mshono tu.
Mto ulinukia sabuni ya kipande.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu mama alikuwa amelala,
amechoshwa na mashine isiyomgusa,
nami nilitoka uani nikamkuta Bi Mastura
akipigana na shuka zito, peke yake.
Hakusema kitu. Alinirushia ncha.
Tukasokota, kila mmoja kwa upande wake,
shuka likajikunja kama kamba ya kisima,
maji yakaanguka katikati yetu,
kwanza ya povu, kisha maangavu,
kisha tone, tone.

"Umezoea," akasema.

"Kidogo tu," nikamjibu,
nikaukung'uta upande wangu.