Mpaka Saa Tatu

Chumba chetu kiko juu ya duka la matairi, Buraimi.
Kiyoyozi kinakohoa. Ubaoni nimeandika maneno matatu:
boda, baundari, limiti,
nikasema leo tutayatenganisha
kama mtu anavyotoa chuya kwenye mchele.

Boda waliijua wote. Boda ni kibanda na askari
na mhuri unaogota.
Boda ni foleni ya malori pale Hafit,
Sherzamani ndani ya lake, amevua viatu,
anakula tende, anazihesabu kokwa.
"Lakini boda mtu hana yake, mwalimu," akasema Khuzaina,
anayepiga chapa ofisi ya forodha.
"Boda ni ya serikali. Mimi na mume wangu
hatuna boda, tuna baundari."
Darasa likacheka, naye akajifunika mdomo kwa ncha ya shela.

Limiti ikatuchelewesha.
Limiti ni duara jekundu lenye mia na ishirini,
ni kadi ya benki inayokataa
unga na mafuta yako yakiwa tayari kwenye kaunta,
ni bosi anayesema: huyu kashanifikisha limiti.
Hapo hakuna mhuri, hakuna askari;
unaijua ukishaigonga.

"Na baundari," akasema Sherzamani, akasimama kabisa,
"Ijumaa, kwenye changarawe nyuma ya msikiti,
tunaipanga kwa matofali na ndala.
Mpira ukiivuka, watu wanapiga makofi."
Akatutazama mmoja mmoja.
"Mstari gani mwingine, mwalimu,
ukiuvuka unapigiwa makofi?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta ubao nusu.

Mama yangu alizaliwa Bujumbura, akaja hapa na masanduku mawili
na Kiswahili kisichotaka kukaa kimya.
Zamani, anasema, alikuwa akitoka kwenda kununua vitunguu Al Ain
na kurudi kabla chungu hakijachemka.
Leo kuna waya, na vitunguu tunanunua upande huu.
Yeye neno lake ni moja tu:
mpaka wenye waya,
na fulani kachupa mipaka,
na nenda, nitakungoja mpaka urudi.
Sikuiona ajabu yake mpaka jioni ile,
chaki mkononi,
kwamba kwetu uzio na kungoja
vinaitika kwa jina moja;
kwamba ukifika mwisho wa nchi
lugha yenyewe inakuuliza: mpaka lini?

Sikuwaambia. Saa tatu ilikuwa imegonga,
na Sherzamani ana lori la kuvusha alfajiri.

Nyumbani sahani imefunikwa kwa kawa.
"Umefundisha mpaka wali umepoa," akasema mama,
akaubeba jikoni kuupasha moto.