Jina Langu Likaandikwa

Hakuna aliyenichagua. Niliinua mkono
kuuliza choo kiko wapi,
na mzee Burgueño, katibu, haraka haraka akaandika:
Zulma Etcheverry, kumbukumbu za kikao.
Ukumbi wa chama chetu cha mafundi lifti
uko ghorofa ya nne, Montevideo,
katika jengo lisilo na lifti.
Cheka. Sisi tulicheka, huku tunahema.

Nyumbani Rubén alihesabu kwa vidole:
saa tatu kila Jumamosi, nauli, kalamu zangu mwenyewe.
"Mkono mtupu haulambwi," akasema,
"na wako unarudi mtupu, tena una wino."
Sikuwa na jibu. Nikaosha vyombo.

Mwaka wa kwanza niliandika maneno ya wenzangu:
nani kachelewa, nani kamkatiza nani.
Lakini anayeandika husikia mara mbili.
Nikajua kwa nini lifti kuukuu za mtaa wa bandarini
hukohoa ghorofa ya tatu unyevu ukizidi,
na nani ana vipuri vya breki chini ya kitanda,
na nani hamsalimii nani tangu ule mgomo.

Kisha wakanipa wanafunzi.
Baridi ya Julai, upepo wa kusini ukitikisa vioo,
vijana tisa, kamba moja ya chuma mezani.
"Ipanguse kwa kitambaa, si kwa kiganja.
Uzi uliokatika utanasa. Utakuambia wenyewe."
Sauti hiyo sikujua ninayo.
Miaka kumi na tisa nilikaa mashimoni chini ya majengo
nikizungumza na grisi.

Anahí, mdogo kuliko wote, akauliza:
"Breki inajuaje kwamba tunaanguka?"
Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.
Mikono yangu ilijua; mimi sikujua.
Usiku ule nilisoma hadi taa za jirani zikazimika zote,
nikajifunza kazi niliyokuwa naila mkate wake.

Nisikudanganye. Kuna Jumamosi nilizilaani.
Tuligombana mwezi mzima juu ya pesa za kahawa.
Binti yangu alizima mishumaa ya miaka saba
mimi nikihesabu kura za mweka hazina.
Hiyo hairudishwi na mtu.

Alhamisi moja kampuni yangu ikafungwa, kwa barua.
Sikumwambia mtu. Kufikia Jumatatu
simu ilikuwa imelia mara nne,
ya mwisho kutoka kwa yule bwana wa kukatiza wenzake:
hospitali fulani inatafuta mkaguzi.
Mkubwa wa pale hakuuliza vyeti.
Alitoa mtoto wa meza, akatoa karatasi zilizokunjika:
"Huu mwandiko ni wako? Nausoma miaka sita sasa."

Jana nimekwama, mimi mkaguzi,
kati ya wodi ya wazazi na jikoni,
pamoja na toroli la supu.
Giza. Halafu kishindo juu ya paa, viatu vyepesi.
"Bi Zulma, usiguse kitu."
Anahí. Akaongea na mtu mwingine, mgeni kazini:
"Kwa kitambaa, si kwa kiganja. Itakuambia yenyewe."
Supu ilikuwa bado ya moto.
Nikaketi sakafuni kama abiria.