Neno la Mwisho

Tulifika kwa Kabahinda saa mbili asubuhi,
umande bado kwenye majani ya maharage,
mimi na mkoba wa karatasi, na mashine ya kupimia
iliyosaka setilaiti zake chini ya misizi
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ekari kumi na moja. Saba msitu,
nne mihogo, kahawa, na ndizi za kupika.
Upande wa kaskazini hakuna cha kueleza:
miwa, na nyuma ya miwa, miwa,
hadi vumbi la barabara ya Masindi.

Mpaka alitutembeza mwenyewe, peku.
"Hapa marehemu Isingoma alipanda muramura."
Mashine ikadai mita tatu zaidi, kulia.
Akaitazama mashine.
Nikaandika: muramura.

Barazani nikamsomea mkataba.
Ardhi yabaki yako. Utalima, utarina asali,
utaokota kuni zilizoanguka zenyewe, utarithisha.
Unachoiachia Amana ni shoka tu.

Mwanawe Kaahwa, amekuja kwa bodaboda toka Kigumba,
hajavua hata koti:
"Na miwa inalipa ngapi? Umemwambia?"
Nikamwambia. Ilikuwa nyingi kuliko yetu,
nyingi mno, na sauti yangu ilijua.
Msituni sokwe akavunja tawi.
Hakuna aliyegeuka.

"Rudia neno la mwisho," mama akasema.
"Milele."
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Mimi ninayehesabu kwa mvua,
za Machi, za Agosti, na za Agosti zenyewe
siku hizi zinakuja zikitaka,
nitie kidole kwenye milele?
Nani kati yenu atakuja kuikagua?"

Ofisini Hoima tulifundishwa kujibu
habari za kodi, ada, na majirani wakorofi.
Nikafunga na kufungua kalamu.

Akanyamaza. Kijito kilisikika nyuma ya jiko.
"Kile nilikikuta kikitiririka nilipoolewa.
Hakuna aliyenisainia.
Watu walijizuia tu, mmoja baada ya mwingine."

Akachovya dole gumba, akalikandamiza
kama anayeziba tundu la mtungi.
Kaahwa akasaini penye shahidi,
kwa nguvu, karatasi ikachanika kidogo.
Sikumwomba arudie.

Wino ameufutia kwenye jani la mgomba.
Kisha akauliza kama tumekula.